Nimevifuta Vumbi Tu

Katika nyumba ya Bi Zuleikha hakuna mtoto aliyepata malengelenge ya viatu, na hilo alilisema kwa majivuno popote alipokaribishwa chai. Kule kwake Muheza, kiatu kipya hakikuvaliwa na mwenyewe kwanza. Kilivaliwa na yeye. Marehemu mumewe, Mzee Omari, alikuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge. Kila alipopewa mabuti mapya, yale magumu kama ubao, Bi Zuleikha aliyapaka mafuta ya nazi penye kifundo, akavaa soksi mbili mbili, akashinda nayo akifua na kutwanga mpaka ngozi ikakubali. Ndipo akampa mwenyewe.

"Haya, chukua. Yamekwisha kufundwa."

Majirani nao wakawa wanamletea viatu vya watoto wao wa shule avivunje. Mguu wake ulikuwa mfupi, mpana, wenye kinundu kikubwa ubavuni pa kidole gumba. Hakuwahi kuuonea aibu.

Sasa alikuwa Doha, amekuja kwa viza ya kutembelea familia, anakaa na mwanawe Rehema na mkwewe Twaha katika fleti ya mtaa wa Mansoura, juu ya duka la mshona mabaibui. Twaha alikuwa dereva. Rehema alifanya kazi kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya moli, kaunta ya kukodisha viatu. Na kazi aliyojipa Bi Zuleikha mwenyewe ilikuwa mjukuu wake Shamira, wa miaka kumi na mmoja, ambaye alimwita mke mwenzangu kwa sababu Mzee Omari, alipokuwa hai, alimposa mtoto huyu akiwa bado ananyonya.

Shamira alikuwa anateleza. Alianza bure, saa zile uwanja mtupu, akisukuma pengwini wa plastiki wanaopewa wasiojua kusimama. Pengwini akaachwa. Siku moja mwalimu, mama mmoja wa Kirusi asiyecheka, akamwona anazunguka kwa mguu mmoja, akamchukua katika kundi lake. Halafu Idi ikawa inakaribia, na Idi kungekuwa na onyesho, na mwalimu akasema Shamira atateleza peke yake, taa zote juu yake, tangu wimbo uanze hadi uishe. Katikati ya wimbo angeruka mruko wake: anapaa, anazunguka hewani, anatua kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Mruko huo Shamira aliulala na kuuamkia. Aliuruka jikoni, aliuruka kwenye ngazi, mwenye duka la mabaibui akawa anagonga dari kwa fimbo.

Ila mwalimu alitaka kitu kimoja. Viatu vya kukodi basi. Mtoto apate vyake.

Walikwenda wote kuvipima. Fundi wa viatu pale alikuwa Mfilipino mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Kuya, maana yake kaka. Alimpima Shamira miguu akiwa amesimama, akampima tena amekaa, akamkunja kidole kimoja kimoja. Kisha akatia viatu katika kijioveni.

"Anavioka?" akauliza Bi Zuleikha.

"Anavioka, mama."

"Na hamira atatia?"

Shamira alicheka hadi akashika tumbo. Viatu vilipotoka vilikuwa vya moto, vimelegea kidogo. Kuya akamvisha, akamgongesha kisigino chini ili kikae nyuma kabisa, akakaza kamba, akamwambia akae asitikisike mpaka vipoe. Kisha akaongea, na Rehema akafasiri: kiatu hiki sasa kimeshika sura ya mguu huu. Avae mwenyewe nyumbani, kidogo kidogo, kwa soksi hii hii nyembamba. Siku chache baadaye virudishwe vifungwe chuma chake, kile kisu cha chini.

Rehema alipomaliza kufasiri alimgeukia mama yake.

"Umesikia, mama? Hivi si viatu vya kuvunjwa. Ukivigusa nakurudisha Muheza kabla ya Idi."

"Kwani mimi nimesema neno?"

"Hujasema. Ndiyo maana nakuwahi."

"Mtoto huyu!" Bi Zuleikha akamwambia Kuya kwa Kiswahili, kana kwamba atamwelewa. "Nimemzaa mwenyewe, ananilinda kama mwizi wa kuku."

Jioni ile ile Shamira alivaa viatu vyake sebuleni, akatembea kutoka kochi hadi mlango wa jiko, akarudi analia. Ngozi ilimkata kwenye kifundo. Kesho yake akajaribu tena, akalia tena, safari hii kimyakimya ili mama yake asisikie, na kulia kwa namna hiyo ndiko Bi Zuleikha hakukuweza. Mtoto anayepiga kelele unaweza kumfokea. Huyu aliyeuma mto utamfanyaje?

"Mwache, mama," Rehema alisema. "Wote wanaanza hivyo. Vitazoeana."

Asubuhi, Rehema kazini, Twaha kazini, Shamira shuleni, fleti nzima ikabaki na sauti ya kiyoyozi na viatu viwili vyeupe juu ya rafu. Bi Zuleikha aliosha vyombo, akapika maharage, akakaa. Akavitazama. Ukimuuliza leo atasema alikuwa na nia njema, na ni kweli, lakini pia kulikuwa na jambo jingine ambalo hapendi kulisema: tangu afike Doha hakuna mtu aliyemhitaji kwa lolote analolijua. Nguo zinafuliwa na mashine. Unga unakuja umesagwa. Hata maji ya kunywa yanaletwa na mtu mlangoni, kwa madumu. Hapa kulikuwa na ngozi mpya na mtoto anayelia, na kazi hiyo, wallahi, aliijua.

Yeye na Shamira urefu wa mguu ulikuwa mmoja. Walibadilishana kandambili kila siku. Alivaa soksi nene za Twaha, mbili mbili. Akapaka mafuta ya nazi penye mkunjo. Akasukuma mguu mpaka kinundu kikaingia. Kiliuma, akasema haya, ndivyo inavyokuwa. Akatembea fleti nzima ameshika friji, ameshika ukuta, visigino vikimwinua kama bibi harusi. Penye kifundo palipokataa alichuchumaa kwa nguvu zote, mara nyingi, hadi akasikia ngozi inaachia.

"Eeh," akakiambia kiatu. "Umepata mwalimu."

Alifanya hivyo asubuhi kadhaa. Shamira alipovivaa tena hakulia. Alisimama, akatazama chini, akatikisa vidole ndani, akamtazama bibi yake. Halafu akasema, "Vimekuwa laini," basi. Bi Zuleikha alitabasamu peke yake jikoni hadi chapati ikaungua.

Ni Rehema aliyenusa. Aliinua kimoja wakati anavipeleka kufungwa kisu.

"Mama. Mbona kiatu kinanukia nazi?"

Pale ndipo. Angesema pale, ingekuwa ugomvi wa siku moja. Kuya angekuwa hajafunga chuma, pengine angevioka upya vikakaa sawa. Lakini Rehema alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, na uso ule wa nakujua, na Bi Zuleikha hakutaka kujulikana asubuhi ile.

"Nimevifuta vumbi tu," akasema. "Kwa kile kitambaa changu cha kichwa."

Rehema akaondoka navyo.

Ijumaa, uwanja ukiwa na watu wachache, Shamira aliingia kwenye barafu kwa viatu vyake. Bi Zuleikha alikaa kwenye benchi na koti la Twaha, mikono ndani ya mikono ya koti. Mara ya kwanza aliporuka, mtoto alitua, kifundo kikalala upande kama shina la mgomba lililokatwa, akaanguka. Akainuka. Mara ya pili vilevile. Alipoteleza tu mstari mnyoofu, mguu wa kushoto ulikuwa ukiingia ndani, na ukiingia anatanua mikono kutafuta pa kujishika. Alikuwa hivyo zamani za pengwini.

Mwalimu alimwita kando, akafungua kamba, akafunga mwenyewe kwa nguvu hadi mishipa ikamtoka mikononi. Shamira akaruka tena. Akaanguka tena, vibaya, kwa nyonga, na mlio wake ulifika hadi kwenye benchi.

Mwalimu akaenda kaunta kwa Rehema. Hakunong'ona. Rehema alirudi hadi kwenye benchi.

"Anasema vifundo vyake vimelegea. Anasema ni mvivu, hakazi kamba, hafanyi mazoezi ya miguu. Atamwangalia Ijumaa ijayo. Akiwa hivi hivi, Idi atasimama na wale wadogo, washike nyota za karatasi."

"Mvivu?" Bi Zuleikha akasema. "Shamira?"

"Ndivyo alivyosema, mama. Mimi nimjibu nini? Ameona mwenyewe."

Shamira alikuwa amekaa sakafuni, anafuta kisu kwa kitambaa, polepole, kama walivyofundishwa ili kisiote kutu. Kuya alitoka kwenye kichumba chake, akamwinamia, akashika kiatu cha kushoto. Akakiminya penye kifundo. Uso wake ukabadilika. Akauliza jambo kwa Kiingereza, na Bi Zuleikha hakuhitaji kufasiriwa, maana kidole cha Kuya kilikuwa juu ya ule mkunjo alioupaka mafuta.

Shamira akajibu haraka, bila kuinua macho. Rehema akashika kiuno.

"Eti nini? Ulivivaa na soksi za baba yako? Ukapanda navyo ngazi? Shamira! Kuya hakukwambia? Mimi sikukwambia?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini! Baba yako amekesha akiendesha gari miezi mingapi ili upate kiatu hicho?"

Akamfinya sikio, pale pale mbele ya watu. Shamira hakulia. Na Bi Zuleikha, aliyekuwa hatua chache tu, ambaye ulimi wake haukuwahi kushindwa na mtu Muheza nzima, alikaa kwenye benchi na mikono ndani ya koti. Alisema moyoni, atanyamaza sasa hivi. Rehema akaendelea. Alisema moyoni, nitamwambia tukifika nyumbani. Walifika nyumbani, wakala, Twaha akasikitika, na bado Bi Zuleikha hakusema.

Siku zilizofuata alikuwa akiacha wali sahanini. Rehema akadhani ni joto, akamnunulia ndimu. Kila aliponyoosha mguu wakati wa kuswali aliona kinundu chake kinamtazama.

Kilichomshangaza zaidi ni Shamira. Kwa nini mtoto ajitwike jambo ambalo hakulifanya? Alasiri moja walikuwa wamekaa kwenye mkeka, Shamira anamkata kucha bibi yake, kazi aliyoipenda. Alipofika mguu wa kushoto aliacha mkasi, akaweka kidole gumba chake juu ya kinundu, akakizungusha taratibu.

"Bibi. Kinakuuma siku zote?"

"Siku za baridi tu."

"Ndani ya kiatu changu kuna shimo lake." Alisema kama mtu anayesema kuna wali kwenye sufuria. "Hapa hapa. Mguu wangu unakimbilia humo. Nikitua, unakwenda huko."

Bi Zuleikha alitaka kuuvuta mguu. Mtoto alikuwa ameushika.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile vilipokuwa laini. Mguu wangu hauna kinundu, bibi."

"Na hukusema. Umefinywa sikio na hukusema!"

"Mama alisema ukivigusa atakurudisha Muheza kabla ya Idi."

"Alisema utani, mke mwenzangu."

"Hakucheka," akasema Shamira. Akaokota mkasi. "Lete kidole kidogo."

Hapo Bi Zuleikha akajiona alivyo. Mtu mzima, aliyezika mume na kulea watu, amejificha nyuma ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mtoto anamkata kucha.

Ijumaa hiyo aliamka mapema, akaoga, akavaa dera lake la sikukuu. Ndani ya teksi Rehema alimuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Walipofika hakwenda kwenye benchi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichumba cha Kuya, akaagiza aitiwe mwalimu.

"Mama, mwalimu ana kazi," Rehema alisema, "na mtoto anatakiwa apashe mwili moto."

"Muite. Na wewe usiondoke."

Mwalimu akaja, mikono kifuani. Shamira alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na alipoona bibi yake anainama kufungua sandali alielewa kabla ya wote.

"Bibi, usi—"

"Nyamaza, mwanangu. Umenyamaza pasipo na haja, sasa nyamaza penye haja."

Alivua sandali ya kushoto. Akaweka mguu wake mtupu juu ya kile kibao cha kupimia, ule mguu mpana wenye kinundu, chini ya taa nyeupe, mbele ya mwanamke wa Kirusi. Akachukua kiatu mkononi mwa Shamira, akakisimamisha pembeni yake. Nje, ubavuni mwa ngozi nyeupe, ukitazama sasa, kulikuwa na uvimbe mdogo. Uvimbe na kinundu vilitazamana.

Kuya ndiye aliyetangulia. Aliingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa, akautoa, akaugusa mguu wa Bi Zuleikha kwa adabu, akamwambia mwalimu maneno machache. Mwalimu akapiga magoti. Alibonyeza kifundo cha kiatu kwa kidole kimoja, kikakunjika. Kisha akamgeukia Shamira, akavuta soksi yake chini, akashika kifundo cha mtoto chenyewe, akakisukuma huku na huku. Hakikukunjika. Akabaki amekishika.

"Mwambie," Bi Zuleikha akamwambia mwanawe, "mtoto si mvivu. Mwambie ni mimi. Nilivaa, nikapaka mafuta, nikachuchumaa nacho. Yeye alidanganya kwa ajili yangu. Mwambie yote, usiruke."

Rehema hakufasiri. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Uliniambia vumbi."

"Nilikwambia vumbi."

"Nimemfinya sikio, mama. Ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa pale."

Hakuna mtu aliyesaidia. Kule nje watoto walikuwa wanapiga kelele na muziki unaimba. Mwishowe Rehema akafuta uso kwa mtandio, akamfasiria mwalimu, kwa sauti ya kaunta, sauti ya kazini. Shamira alikuwa ameinamisha kichwa, na kilichomwuma Bi Zuleikha ni kwamba mtoto alionekana amekasirika. Alikuwa ameitunza siri yake vizuri, na sasa imevunjwa mbele yake.

Kuya alisema anaweza kukioka mara moja tu tena, si zaidi, ngozi itachoka. Ule uvimbe wa kinundu ataurudisha ndani, si wote. Lakini mkunjo wa kifundo hauna dawa. Kiatu hiki kitateleza, kitazunguka, kitapendeza. Kuruka, hapana. Mtoto atavunjika mguu.

Mwalimu alifikiri. Halafu akasema, na Rehema akafasiri: Shamira atateleza peke yake kama alivyosema. Mruko utaondolewa. Kisha mwalimu akamwambia Shamira neno lingine, fupi, na Rehema hakulifasiri, lakini mtoto aliinua uso.

Kiatu kikaokwa. Kuya akahitaji mtu wa kushika kisigino cha mtoto nyuma kabisa kwa nguvu sawasawa mpaka kipoe, akatazama huku na huku, na Bi Zuleikha alikuwa amekwisha kukaa sakafuni. Alishika. Moto ulimpanda viganjani, akaendelea kushika. Shamira alitazama ukuta.

"Umenikasirikia, mke mwenzangu?"

"Kidogo."

"Kwa kiatu?"

"Kwa mruko," akasema Shamira. Kisha akaongeza, "Usiminye sana, bibi. Kuya alisema sawasawa."

Siku zote mfuko wa viatu aliubeba Bi Zuleikha. Siku ile, kurudi, Rehema aliubeba mwenyewe, na nyumbani akauweka juu ya kabati, mahali ambapo mama yake hafiki. Alimpakulia chakula, akamletea maji ya kunawa, akamwita mama kama kawaida. Mfuko ulibaki juu.

Idi ikafika. Uwanja ulijaa, kanzu nyeupe na mabaibui na watoto wenye baluni. Taa zikazimwa, ikabaki moja, na ndani yake Shamira, gauni la buluu aliloshona mwenye duka la chini, yule wa fimbo. Aliteleza vizuri, kiwiko cha Twaha hakikutulia kwa furaha. Alizunguka mpaka uso wake ukapotea. Kisha wimbo ukapanda, ukafika mahali ambapo jikoni, kwenye ngazi, kila siku, mtoto yule alikuwa anapaa. Bi Zuleikha alipajua mahali pale kuliko maneno ya wimbo.

Shamira alifika, akakunja goti kama anayetaka, akapita moja kwa moja.

Watu wakapiga makofi. Hawakujua kwamba palikuwa na kitu. Rehema alijua, bila kugeuka alipeleka mkono wake ubavuni, akashika mkono wa mama yake, akaubana hadi ukauma. Bi Zuleikha hakuweza kujua kama mkono ule ulikuwa unamsamehe au unamfinya. Aliuacha ubane.